Mgeni wa Lugha Moja

Nilitoka Tanga kwenda Kitale kufanya kazi ya maabara katika kampuni ya mbegu za mahindi, miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuingia kila mfuko. Nilijiambia Kenya ni jirani, lugha ni moja, nitahangaika na nini?

Asubuhi ya kwanza nilimwamkia meneja, mtu wa makamo, "Shikamoo."

"Mzuri," akajibu, akaendelea na faili lake. Nyuma yangu wenzangu wakacheka chini kwa chini.

Saa nne walikunywa chai pamoja wakipiga soga. Nikikaribia, soga ilikatika, wakahamia Kiingereza, na changu kilikuwa cha vitabuni tu. Nikazoea kubeba kikombe hadi dirishani, kuutazama Mlima Elgon ukimezwa na mawingu. Kuna siku neno langu la kwanza kutamka lilikuwa la jioni, kwa muuza mboga za sukuma wiki. Na baridi ya Kitale, ukiwa peke yako, huizoei.

Kisha karani wetu akafiwa na mama yake, kwao Bungoma. Hakuna aliyeniambia, nilisikia kwa mlinzi wa geti. Jumamosi nikajifunga kanga, nikaenda, nikiuliza njia. Kwetu mwanamke akifika msibani hangoji kukaribishwa jikoni. Nikaingia, nikakaa na akina mama, nikamenya viazi.

Karani alinikuta pale, macho yamemvimba.

"Hata wewe umekuja?"

"Pole, dada. Mbona hamkuniambia?"

Akakaa kando yangu. "Si tulidhani unatudharau. Wewe unaongea kama redio, ile ya habari. Sisi Kiswahili yetu imevunjika, mtu anaona haya. Ndiyo tunaenda Kingereza."

Miezi yote ile niliamini wananikataa.

"Nami nilikuwa nakiogopa hicho Kiingereza chenu," nikamwambia.

Akatabasamu kidogo, kisha machozi yakamrudia, nami nikamshika mkono.

Aliporudi kazini alinivutia kiti mezani, akaanza kunisimulia habari za mazishi kwa Kiswahili chake, bila kujikagua. Wengine wakasikiliza, kisha wakarudi kwenye vikombe vyao. Ni yeye karani tu niliyempata. Waliobaki walishikilia Kiingereza chao mpaka mkataba wangu ulipokwisha.

Hata jioni ya siku ile aliponivutia kiti, nilifunga mlango, nikasonga ugali wa mtu mmoja, nikala huku mvua ikipiga bati.