Kitambaa Nilichomfutia Mgeni Mkono

Mwanangu, kuna siku moja ya msimu wa kuvuna mahindi ambayo ninaikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asisikie nikisema hivyo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimevaa tai ya kuazima na viatu vinavyobana, nimesimama mbele ya ofisi za mji hapa Eldoret nikingoja wageni kutoka ng'ambo.

Nimeambiwa kwamba wewe na wenzako mmechaguliwa kuwapokea wageni wa mji unaotaka urafiki na mji wetu. Nimefurahi kweli. Lakini kabla hujaanza kukariri hotuba, kaa kidogo nikueleze mimi nilivyoharibu. Sijawahi kuisimulia yote.

Wakati huo nilikuwa karani mdogo. Wazazi wangu walitoka upande wa magharibi kuja kufanya kazi ya mashamba kule Turbo, karibu na hapa, nami nikakua nikicheza na watoto wa Kinandi mpaka lugha yao ikawa yangu. Basi mkubwa wangu alipotafuta mkalimani, alinitazama mimi. Wageni walikuwa wanne, na kiongozi wao mama mmoja mrefu, mpole, aliyeitwa Marta. Chuo cha ukulima cha mji wao kilikuwa tayari kumchukua mwanafunzi mmoja kutoka kwetu, kuwa mwanzo wa urafiki kati ya mji wao na wetu. Msichana aliyechaguliwa alikuwa Chebet, wa kule mashambani Moiben. Alikuwa amemaliza kidato cha nne akiwa wa kwanza katika shule yao, na hakuna kitu alichotaka duniani kama nafasi hiyo.

Babu yake, Mzee Kibet, ndiye aliyemlea. Alikuwa na sharti moja tu: hawezi kumtoa mtoto kwa watu ambao hajawatia machoni wala kuwabariki. Ndiyo maana tulikwenda nyumbani kwake.

Tulipokelewa vizuri. Maziwa ya kibuyu yalikuwa tayari, viti vimepangwa kwenye nyasi, majirani wamevaa nguo za kanisani. Mzee akasimama kuzungumza. Alieleza jinsi baba yake alivyozaliwa kwenye ardhi hiyo hiyo, jinsi masetla wa Kizungu walivyokuja wakaizungushia ua, na jinsi baba huyo alivyogeuka mchungaji wa ng'ombe wa mtu mwingine pale pale alipozikwa baba yake. Alieleza siku waliporudishiwa kipande chao, na jinsi walivyolia badala ya kuimba. Alizungumza kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake kimoja kimoja.

Nami niliwatazama wale wageni, ngozi zao nyeupe, nikaona aibu. Nikadhani watachukia. Nikawaambia kwa Kiingereza, "Mzee anasema karibuni sana."

Marta akacheka. "Maneno yote yale ni karibuni tu?"

"Wazee wetu hupenda kurudia," nikamjibu.

Chebet alikuwa amebeba sinia la vikombe nyuma yangu. Kiingereza alikijua kunishinda. Nilisikia vikombe vikigongana.

Kisha Mzee akamsogelea Marta, akamshika mikono, akaifungua viganja juu. Akatema mate kidogo sana ndani yake, mepesi kama umande, huku akitamka maneno ya kumwombea. Wewe umekulia hapa, unajua. Mzee wa Kinandi akikutemea hivyo amekupa kitu kikubwa alicho nacho. Amekufanya mtoto wake. Alikuwa bado yumo katikati ya maneno yale niliporuka, nikavuta mkono wa mgeni, nikatoa kitambaa mfukoni na kuanza kuupangusa.

"Samahani, mama," nikasema kwa Kiingereza. "Ni mzee sana. Akili yake imeanza kupotea."

Mzee hakujua Kiingereza, lakini kitambaa kilihitaji kutafsiriwa na nani? Aliikatiza baraka. Alinitazama, akaitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba imechafuka, akageuka na kuingia ndani. Hakutoka tena mpaka gari letu lilipoondoka.

Chebet alinifuata mpaka kwenye mlango wa gari. "Wanjala, umesema babu yangu ana wazimu?"

"Nilikuwa natetea heshima yetu, bana. Hawa ni wageni."

"Heshima ya nani? Yako na hiyo tai?"

Kesho yake habari ikaja ofisini: Mzee amekataa, msichana haendi. Wageni walishangaa. Mkubwa wangu alishangaa. Mimi peke yangu sikushangaa, na nikanyamaza.

Siku iliyofuata nilimwendea Mzee peke yangu. Nilimkuta akitengeneza lango la zizi. Nikamweleza kila kitu, mpaka yale maneno ya akili kupotea. Alisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi.

"Nilikupa mdomo wangu uutumie," akasema mwishoni. "Ukautumia kusema yako."

"Nisamehe, Mzee."

"Mimi nimekusamehe tangu ulipoingia. Lakini yule mama hajui nilichokuwa nampa. Nenda umwambie. Akikubali kurudi nimalize baraka yangu, msichana ataenda naye."

Wageni walikuwa wanaondoka kesho yake asubuhi. Nilikuwa na jioni nzima, mwanangu. Hoteli yao haikuwa mbali na chumba nilichopanga. Lakini nilijua Marta akiambiwa, mkubwa wangu naye ataambiwa, na karani anayedanganya wageni hakai kazini. Nikajiambia nitaamka mapema. Nikaamka mapema. Nikapiga viatu rangi. Nikachelewa makusudi bila kukubali kwamba ni makusudi, na nilipofika hotelini nikakuta mfanyakazi akikunja mashuka. Gari lilikuwa limekwenda.

Niliandika barua. Jibu likaja baada ya miezi. Marta aliandika kwamba kama angejua, angepiga magoti Mzee amalizie maneno yake. Aliandika pia kwamba nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mwanafunzi wa nchi nyingine.

Chebet alibaki Moiben. Alifundisha shule ya msingi, akaolewa, akafuga ng'ombe wa maziwa ambao watu hutoka mbali kuja kuwatazama. Hakunichukia, na hilo limenisumbua zaidi. Tukikutana sokoni huniita mbele za watu, "Mkalimani! Leo utawaambia nimesema nini?" Watu hucheka, nami hucheka nao. Mwaka jana nilimuuliza kama bado hufikiria chuo kile. Akasema, "Kila msimu wa kupanda." Kisha akaulizia magoti yangu.

Nilipomwambia kwamba wewe utapokea wageni, alisema hivi: "Mwambie asitupambe. Atuonyeshe tulivyo."

Nami naongeza yangu. Mgeni akitaka kuijua nchi yako, usimchagulie ile unayodhani ataipenda. Mzee akizungumza kwa muda mrefu, tafsiri kwa muda mrefu. Historia yetu ikiwa na machungu, mwambie machungu hayo bila kumgombeza na bila kumficha. Mtu mzima anaweza kuyabeba, na urafiki wa miji miwili hauanzi mpaka ayasikie. Akiona desturi asiyoielewa, mweleze, umwachie yeye kuamua kama ataipokea. Usimpangusie. Na ukikosea, maana utakosea, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje asubuhi. Usihesabu kitakachokupata, kwa sababu gharama ya kunyamaza kwako italipwa na mtu mwingine, na utakuwa unakutana naye sokoni maisha yako yote.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe sauti isiyotetemeka ukitaja watu wako. Akupe wageni wenye masikio. Na wale utakaowasemea, wasikie maneno yako na kusema: naam, huyo amesema yetu.