Siku Mapazia Alipochanwa Masikio

Mbwa yule alikuwa na jina lake kwenye kadi ya chanjo, jina refu la heshima, lakini fundi cherehani alimwita Mapazia tangu siku ya kwanza. Ungemwona usingemlaumu. Masikio yalimning'inia pande mbili za uso kama mapazia ya sebuleni kwa watu wenye nafasi, yana mawimbi na marinda, yanafagia sakafu kila akiinama kunusa. Alikuwa spanieli, mbwa wa manyoya marefu, na mwenye mbwa alikuwa nesi, binti wa fundi, aliyekwenda mafunzoni miezi miwili akamwacha kwa mama yake.

"Mama, najua hupendi mbwa ndani," nesi alisema siku hiyo.

"Sipendi," fundi akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Kweli hiyo ilidumu kama wiki moja. Cherehani ya fundi inaendeshwa kwa pedali moja, mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto umekaa bure. Mapazia akauona huo uliokaa bure, akauwekea kidevu, akalala. Toka hapo fundi hakushona tena na mguu wa baridi. Hakumwambia mtu. Ila asubuhi akisali, akishawataja watoto, wajukuu na wagonjwa, alinong'ona jina moja la ziada haraka haraka, kama mtu anayepenyeza mzigo mlangoni.

Basi Jumamosi asubuhi simu ikaita. Nesi anafika saa tisa mchana.

"Na nitamkagua, mama. Nikimkuta na mafundo kwenye manyoya, safari nyingine namwacha kituo cha kulelea mbwa. Sitaki kukuchosha na umri huo."

"Hana fundo hata moja," fundi alisema, akakata simu, akamwomba Mungu msamaha papo hapo. Maana aliagizwa amchane kila siku mwili mzima, naye alikuwa anachana mgongo tu, panapoonekana. Nyuma ya masikio, kwapani na tumboni, manyoya yalikuwa yameshikana mpaka mtu angeweza kuyatundikia funguo.

Kwenye friji palikuwa na karatasi ya maagizo, imeandikwa kwa herufi kubwa: MCHANE KWANZA, NDIPO UMWOSHE. Fundi aliisoma akatabasamu. Huyu mtoto ameandika kinyume, akajisemea. Miaka thelathini yeye ameshika vitambaa, na kitambaa cha pamba lazima ukiloweke kwanza, kisinyae mpaka kichoke kusinyaa, ndipo ukifanyie kazi. Mbwa naye si nyuzi tu? Akambeba Mapazia mpaka kwenye beseni.

Alimsugua kwa sabuni, akamsuuza mara tatu, akamkausha kwa taulo mbili na shuka moja. Kisha akashika nyuma ya sikio. Asubuhi yalikuwa mafundo. Sasa yalikuwa vifungo vya koti.

"Yamesinyaa," alisema mumewe, dereva mstaafu wa malori, aliyekuwa kwenye kiti chake na gazeti. "Si ndivyo ulivyotaka?"

"Baba watoto, kama huna la kusaidia, soma."

"Nasoma. Wameandika hapa, mama mmoja kafua mbwa katoka na brashi ya viatu."

Fundi hakucheka. Aliangalia saa ukutani, akauangalia mguu wake wa kushoto, akaketi sakafuni na chanuo. Mapazia akaona chanuo, akajaribu kuingia chini ya kabati na makalio yakabaki nje. Akavutwa.

"Tulia nikuchane masikio," fundi alisema, sauti ikipanda. "Leo huniponyoki. Nikimaliza masikio nakuchana na tumbo, usifikiri nimelisahau."

"Taratibu, mke wangu," dereva alisema, kwa niaba ya mbwa. "Sikio hilo linauma."

"Liume. Nani alimwambia ajiviringishe kwenye majani?"

Dirisha lilikuwa wazi. Upande wa pili wa ukuta, jirani alikuwa anaanika nguo. Mtaa mzima ulimwita Mama Redio, kwa kuwa alitangaza kutwa bila betri. Alisimama na kibanio mdomoni, akasikiliza mpaka hapo kwenye tumbo, akaacha beseni lake na nguo mbichi, akashika njia ya dukani. Ndani hakuna aliyejua.

Fundi alivaa miwani, akalitazama fundo moja kwa karibu, na ndipo akili ya kazi ikamrudia. Kumbe hii ilikuwa kama mshono uliokosewa. Na yeye, mteja akimletea gauni lililoshonwa vibaya, huwa hakimbilii mkasi. Hufumua. Akachukua poda ya mjukuu akainyunyizia, akatoa sindano yake nene butu ya kushonea masweta, akaanza nchani mwa manyoya, nyuzi mbili tatu kwa wakati, akirudi polepole kuelekea ngozini. Fundo la kwanza lilimchukua dakika ishirini. Lilipoachia, chanuo likapita kama linapita kwenye maji.

"Baba watoto, niletee biskuti."

"Zako au zake?"

"Zake. Mpe moja kila fundo likifunguka."

Dereva akaacha gazeti, akawa mgawaji biskuti, na mwenyewe akionja hapa na pale kwa usawa. Ilipofika saa nane na nusu lilibaki fundo moja tu, kwapani, limeganda ngozini. Fundi alilibembeleza, akaliombea, likakataa. Akachukua mkasi mdogo akalikata. Pakabaki kipara cha ukubwa wa kifungo cha shati. Akaushusha mguu wa Mapazia, akalaza manyoya juu yake. Hapakuonekana kitu. Aliyezoea kuficha viraka miaka thelathini hashindwi na kwapa.

Nesi aliingia mbio, begi akalitupa mlangoni. Hakumtazama mbwa. Alimshika baba yake kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto.

"Yote mawili yapo?"

"Kwani uliniacha na matatu?" baba akauliza.

"Mama Redio kanisimamisha dukani. Anasema mama amekuchana masikio tangu asubuhi na sasa kahamia tumboni. Watu wamenipa pole njia nzima."

Dereva alicheka mpaka biskuti ikampalia. Fundi alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nesi naye akaketi sakafuni, na Mapazia akamlamba machozi ya kicheko.

Kisha akamkagua. Vidole vikapita nyuma ya masikio, shingoni, tumboni. "Sipati fundo," akasema, kama mtu aliyepotewa na kitu. "Mama, hongera."

Fundi alikuwa ameshinda. Aliuonja ushindi. Haukuwa na ladha.

"Nyanyua mguu wa mbele, wa kushoto," akasema.

Nesi akanyanyua. Kipara kikamtazama.

"Lile nimelikata. Na nilimwosha kwanza. Na asubuhi kwenye simu nilikudanganya."

"Lakini mama, ungesema tu nimpeleke kituoni. Si hupendi mbwa ndani?"

"Sipendi," fundi alisema. "Ila mguu wangu wa kushoto umeshamzoea."

Nesi alimtazama Mapazia, aliyekwishaingia chini ya cherehani na kulala mahali pake, kidevu juu ya kandambili ya kushoto, akisubiri mguu. Akaenda kwenye friji, akatoa kalamu, akapiga mstari mnene chini ya neno KWANZA.

"Nakwenda nyumbani naye," akasema. "Awamu ya pili ya mafunzo inaanza baada ya wiki mbili. Karatasi iache hapo hapo."

Sauti ikaita dirishani, ya chini, ya huruma. "Jirani, mzee yukoje?"

"Mzima," fundi akajibu, akiinuka kufunga dirisha. "Amepumzishwa wiki mbili. Baada ya hapo namchana upya."