Feni ya Chumba cha Masikio

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kazi. Mkaguzi wa Simu wa stesheni ya Mlimba, mzee mwembamba aliyevaa koti la kaki hata jua linapowaka, alinikabidhi bisibisi ndefu. Akaniambia niweke ncha yake kwenye ganda la mota ndogo iliyokuwa ikizunguka mezani, na mpini niubane kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Nikafanya hivyo, na ghafla nikawa kama nimeingia ndani ya ile mota. Nilisikia gololi zikiviringika ndani ya beringi, na moja miongoni mwao ikikwaruza.

"Unasikia nini, binti?"

"Kuna moja inalia, mzee."

"Wiki hii nimewapa wanaume watatu bisibisi hiyo. Wote wamesema mota ni nzima." Akachukua bisibisi yake. "Hilo sikio ndilo cheti chako. Usije ukalichokonoa kwa njiti ya kiberiti."

Nilitoka pale kichwa kimevimba, na kusema kweli hakikunywea kwa miaka mingi. Pale stesheni nilitengeneza simu za kuzungusha kwa mkono, nikisikiliza waya uliokuwa ukivuma kabla treni haijatokea. Baadaye nikahamia karakana ya mota upande wa Kidatu. Fundi Mkuu wa huko alikuwa mtu wa maneno machache, na neno lake moja nililiweka moyoni: "Upepo haupimwi kwa kelele." Feni ndogo inayokimbia na feni kubwa inayotembea taratibu zinaweza kusukuma hewa sawasawa, ila ile ndogo itakupigia makelele mchana kutwa. Vijana wa leo mnaonunua feni za taa za rangi, neno hilo ni lenu pia.

Miaka ya tisini ikiwa katikati, nikaajiriwa Ifakara, kwenye mradi mdogo uliopima masikio ya watoto waliougua malaria kali. Msimamizi alikuwa Sista Mfawidhi, nesi mnene, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kupandisha neno wala kulirudia. Chumba chake kilikuwa na mablanketi ukutani na mikeka miwili sakafuni. Ukiingia mle wakati wa masika, bonde limejaa maji na mpunga umesimama kijani mpaka macho yanapokoma, ulihisi umeingia usingizini ukiwa unatembea. Sauti yako yenyewe iliishia mdomoni.

Mtoto alivalishwa hedifoni, akapewa punje za mahindi na kopo lililotandikwa kitambaa. Kompyuta ilitoa milio, mizito na myembamba, ikififia kidogo kidogo. Kila aliposikia mlio alidondosha punje. Wengine walidhani ni mchezo, nasi tuliwaacha wadhani hivyo.

Kasoro ilikuwa kompyuta. Nyuma yake, kwenye sanduku la kugawa umeme, kulikuwa na feni ya kupooza mashine, na vumbi la pumba za mpunga lilikuwa limeila. Ilivuma mvumo mzito wa upepo, na juu ya huo ikapiga mluzi mwembamba wa beringi.

Niliutambua ubaya wake siku alipokuja Kabula, binti wa miaka minane wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia karibu na Mlimba. Milio yote mizito ilimpita. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, kanga ameikunja mapajani.

"Mwalimu anasema mtoto hasikii," alisema. "Na baba yake anasema kama ni hivyo, basi arudi kwenye ng'ombe. Mnipe karatasi ya vipimo tu, huyo baba yake ajue moja. Lakini Sista, mimi nikimwita toka zizini anaitika!"

Sista Mfawidhi akanitazama, nami nikaitazama kompyuta. Mtoto hakuwa na tatizo la milio mizito. Feni yangu ndiyo ilikuwa inaimeza.

"Mrudishe baada ya wiki nne, mama," Sista akamwambia. "Karatasi siandiki leo."

Nikaanza kazi. Kwenye mashine mbovu ya kutoa kopi nilipata feni nne, nikazisikiliza moja moja kwa bisibisi. Mbili zilikuwa zikilia. Ya tatu ilikuwa nzima lakini ndogo. Ya nne ilikuwa pana, mapanga yake yamelala vizuri. Nikakibandua kile kijikaratasi cha katikati, nikaidondoshea tone moja la mafuta ya cherehani. Nikakata vipande vya tyubu ya baiskeli, nikavitia kati ya feni na bati ili mtetemo usihamie kwenye kasha. Kisha nikapunguza mwendo. Kwenye kompyuta, waya wa njano una volti kumi na mbili, mwekundu una tano, mweusi hauna kitu. Feni ikifungwa kati ya njano na mweusi inakimbia. Ikifungwa kati ya njano na mwekundu inapata tofauti yake, volti saba, nayo inatembea bila kusumbua mtu. Niliweka kiganja nyuma, upepo ulikuwepo. Sista alifumba macho kitini pake, akatabasamu.

Kesho yake malaria ikanilaza. Siku za homa sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka wavu wa chandarua ukipumua, na Mkaguzi wa Simu amekaa pembeni na koti lake, ingawa alikuwa amekwisha kufa. Nilimeza kwinini dozi nzima. Kila mtu wa bonde hili anajua kwinini huimba masikioni, nami nilijua. Lakini dozi ilikwisha, nikapata nguvu, nikarudi kazini nikiamini na wimbo umekwisha.

Nilipofungua mlango wa chumba cha masikio, nikausikia ule mluzi mwembamba. Feni ilikuwa inalia! Nikatia mafuta tena, nikabadilisha tyubu, nikarudia kuisikiliza kwa bisibisi. Mluzi ukabaki vilevile. Sista akauliza ninahangaika na nini, nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba kazi yangu ninaijua. Ijumaa, zikiwa zimebaki siku tatu Kabula arudi, nikaiteremsha feni hadi volti tano, mwekundu na mweusi. Nikawasha, nikasikiliza. Mluzi ulikuwepo, kwa hiyo nikasema angalau inazunguka. Nikazima, nikafunga kasha, nikaenda zangu nyumbani bila kuweka kiganja nyuma.

Jumatatu Kabula na mama yake walikuwa wamefika mapema, viatu vyao vimejaa tope. Nikaingia chumbani, nikasimama. Mluzi ulikuwa unalia kuliko siku zote.

"Sista, naomba tuahirishe," nikasema. "Hii feni bado ina kelele. Isikilize!"

Sista alisikiliza.

"Mwenzangu, umeme umekatika tangu saa moja."

Niliitazama taa ya mashine, ilikuwa imezimika. Niliitazama ya dari, vilevile. Na mluzi ulikuwa palepale, mwembamba, haupungui. Nikakaa chini kwenye mkeka. Cheti changu kilikuwa kimechanika na nilikuwa wa mwisho kujua.

Umeme ukarudi ghafla, taa zikawaka, Sista akanyoosha mkono kwenye swichi ya kompyuta.

"Usiwashe!" nikapiga kelele. Nilikuwa nimekumbuka Ijumaa.

Nilifungua kasha, nikamwomba awashe mara moja, azime. Mapanga ya feni hayakusogea hata kidogo. Volti tano hazikutosha kuianzisha. Niliisikia ikizunguka ilhali imekufa, na kama mashine ingeachwa iwake asubuhi nzima ingeungua, pamoja na kumbukumbu za watoto wote na karatasi ya Kabula. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Nikairudisha kwenye njano na mwekundu. Safari hii sikusikiliza. Niliweka kiganja, nikahisi upepo, kisha nikaning'iniza uzi wa pamba nyuma yake tuone ukipepea. Kabula akavaa hedifoni. Milio mizito ikaanza, na punje ikadondoka. Nyingine. Nyingine tena, mpaka ule mlio ambao Sista mwenyewe hubana pumzi ili ausikie. Mama yake hakujua kusoma ile chati, lakini alijua kuhesabu punje. Karatasi aliifunga kwenye pindo la kanga, na Kabula akarudi darasani.

Kabla hawajaondoka, yule mtoto akanivuta sketi. "Na wewe kaa, Mama Fundi. Haiumi."

"Mganga hajigangi," akasema Sista. "Kaa."

Nilikaa. Punje zangu zilikuwa nyingi mwanzoni, kisha zikakoma. Milio myembamba yote ilinipita. Nililia nikiwa na hedifoni kichwani, na kilio changu mwenyewe nikakisikia kwa mbali.

Sista hakunifukuza. Aliniambia mashine zake zinataka mtu anayejua kwamba sikio linaweza kudanganya, na tangu siku ile nilichagua feni kwa kiganja na uzi. Nilifanya hivyo mpaka nilipostaafu, na hakuna mashine iliyoungua mkononi mwangu.

Sasa ninakaa Sanje, chini ya milima. Wageni husema hapa pametulia. Asubuhi, ukungu ukiwa bado haujapanda, ninaamka na kuisikia feni yangu, bado inazunguka, tangu Ifakara. Ninanyanyua mkono na kuweka kiganja nyuma ya sikio. Hakuna upepo.