Mayai Sitini ya Injinia Jonah

Jonah Ndululu alirudi kwao Sultan Hamud mwaka wa 1979, baada ya miaka kumi na minane Nairobi, ambako kazi yake ilikuwa kuwabebea mafundi wa stima ngazi. Hilo la ngazi hakulitaja. Alishuka na mita ya kupimia umeme ikining'inia shingoni, na kufikia Jumapili ya pili kanisa zima lilikuwa likimwita Injinia.

Kina mama wa kanisa walitaka kufuga kuku. Injinia akaahidi kuwatengenezea mashine ya kuangulia vifaranga. Akatafuta sanduku la mbao, akaweka koili ya jiko kuukuu la umeme chini ya trei, akaiunganisha na soketi dukani kwa ndugu yake. Joto lilitakiwa liwe digrii thelathini na nane. Likapanda hadi hamsini na tano.

"Waya wa koili ni mrefu mno," akasema, akaukata katikati. "Nusu ya waya, nusu ya joto."

Mwalimu Kaluki, aliyefundisha hesabu shule ya upili, alikuwa amekuja kununua sukari.

"Mzee Jonah, kabla hujaukata, mita ilisoma ngapi?"

"Moja."

"Ampea moja. Stima ya ukutani ni volti mia mbili na arobaini. Gawanya kwa moja, ukinzani wa waya ni omu mia mbili na arobaini. Zidisha volti kwa ampea, nguvu yake ni wati mia mbili na arobaini. Sasa umebakisha omu mia na ishirini, na volti ni zile zile. Zitapita ampea mbili. Hizo ni wati mia nne na themanini! Umeongeza joto mara mbili."

"Mwalimu, hayo ni ya ubaoni. Mimi nimeshika stima wewe ukiwa bado unanyonya."

Wanaume waliokuwa barazani wakacheka sana. Hakuna aliyejua wati ni nini, ila walijua Kaluki ni mwanamke.

Injinia akapanga mayai sitini yaliyotoka Mbumbuni, akafunga mlango, akaenda kunywa chai na kuwaeleza watu jinsi Nairobi ilivyomlilia alipoondoka. Aliporudi saa mbili baadaye, sanduku lilikuwa linafuka. Mbinya, mwenyekiti wa kina mama, akatoa yai moja, akaligonga ukingoni mwa meza, akalimenya.

"Injinia," akauliza, "una chumvi?"

Jonah akasema kosa ni la mayai. Mayai ya Mbumbuni, akaeleza, yana maji mengi.

Wiki iliyofuata Kaluki akaunganisha tena vile vipande viwili vya waya, akaunga mwishoni mwake koili nyingine ya aina hiyo hiyo, umeme upite moja kisha nyingine. Ukinzani ukawa omu mia nne na themanini, mkondo nusu ampea, nguvu wati mia na ishirini. Joto likatulia kwenye thelathini na nane. Kina mama wakaleta mayai mengine sitini. Siku ya ishirini na moja vifaranga hamsini na wawili walikuwa wakilia ndani ya sanduku.

Jumapili mchungaji akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru Injinia. Watu wakapiga makofi. Jonah akasimama, akanyoosha koti, akasema si vizuri mtu kujisifu peke yake.

"Mwalimu Kaluki naye alisaidia," akasema. "Alinishikia bisibisi."