Bakuli la Kuvuka Barabara

Juzi nilifika Miyuji kumwona bibi, na kabla hajaitikia vizuri shikamoo yangu akanikabidhi bakuli la bati lenye maua mekundu, limejaa karanga. "Lirudishe kwa mwenyewe," akasema. "Limelala hapa tangu wajenge barabara. Magoti yangu haya hayavuki tena."

Mwenyewe ni jirani wa mbele, mlango wake unatazamana na wetu. Ah, rafiki yangu, laiti ungeiona njia ile nilipokuwa mtoto! Ilikuwa ya vumbi, nyembamba. Asubuhi zilipita baiskeli za maziwa, kengele zikilia, na mkokoteni wa madumu ya maji uliojitangaza kwa magurudumu yake tangu mbali. Sisi wasichana tulicheza rede katikati. Gari likipita, tulikuwa na la kusimulia hadi jioni.

Bibi ni Mgogo, mtu wa kanisani. Jirani ni Mwislamu wa mjini, ukoo wa wafanyabiashara. Walibishana kila siku juu ya chumvi, kila mmoja mlangoni kwake, wala hawakuhitaji kupaza sauti. Bibi akipika mlenda wa karanga, natumwa kuupeleka. Ramadhani bakuli linarudi na tambi, harufu ya hiliki inatangulia. "Bakuli halirudi tupu," bibi alisema, kwa hiyo halikupumzika, na miguu yake ilikuwa mimi.

Kisha barabara ikaja. Nzuri, sibishi: lami, taa, njia nne. Walioipima waliwafikiria wenye magari wanaotaka kufika mbali upesi. Mwenye bakuli mkononi hawakumkumbuka hata kidogo! Katikati wakajenga ukuta wa zege unaofika kifuani, na pa kuvukia pakawa kule kwenye kipilefti.

Basi nikapanda bajaji kwenda kwa jirani wa mbele. Dereva alidhani namtania. Tukaenda hadi kipilefti, tukageuza, tukarudi. Haki ya Mungu nilicheka, halafu moyo ukaniuma.

Jirani alikuwa barazani, amezeeka kweli. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akayapapasa yale maua. "Mbona umekawia hivyo, mjukuu wangu?" akauliza, kana kwamba nilitumwa asubuhi ile. Akazimimina karanga, akalijaza visheti, akanipa, kisha akanishika mkono.

"Mwambie bibi yako namwona kila siku. Nikimwita hasikii, malori haya. Mwambie amekonda. Ale."

Nikageuka. Ng'ambo, bibi alikuwa amesimama kwa magoti yale yale, anatazama kama bakuli limepokelewa. Nikaliinua alione. Lori likapita likamficha, na lilipokwisha kupita nikamwona anapunga khanga. Jirani naye, pembeni yangu, akawa anampungia.

Zamani, kwenye milango ile ile, wangekuwa wanabishana nani kazidisha chumvi.