Gari la Kwenye Picha ya Bibi

Kila ninaposikia harufu ya buni mbichi kwenye gunia, narudi sebuleni kwa bibi, mteremkoni mwa Meru. Ukutani kulikuwa na picha moja tu: kijana mwembamba ameegemea gari la zamani. Bibi alituambia ndiye baba yake, dereva wa shamba la kahawa, aliyefariki yeye akiwa bado tumboni.

Siku moja mjomba, fundi magari wa Sekei, aliitungua picha akaisogeza dirishani. Nilimshikia kioo cha kukuzia. Niliona magurudumu yenye spoki za mbao, taa za duara kama sufuria, na hendeli ya kuwashia injini pale mbele.

Mjomba alilikagua gari lile tangu mbele hadi nyuma.

“Mama,” alisema taratibu, “hapa gari ni jipya kabisa. Magari haya yalipokuwa mapya, baba yako alikuwa mtoto mdogo. Huyu siye.”

Nilitamani aseme amekosea. Bibi aliichukua picha, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akamtazama sana yule kijana.

“Basi ni baba wa mtu,” alisema. “Mrudishe ukutani. Nimeshamzoea.”