Baragumu la Rangi ya Dhahabu

Siku hizi, baragumu la gamba la kome likilia kuita wabebaji wa mgonjwa huku mlimani kwetu, Merilis ndiye wa kwanza kufika. Anafika hata kofia hajavaa, anashika mti wa mbele wa machela. Wageni humsifu kwa unyenyekevu wake. Mimi nilimjua alipokuwa ameota mapembe.

Alirudi kutoka nchi ya Wadominika, ng'ambo ya mpaka, alikokwenda kutafuta pesa, akajenga nyumba ya saruji na kuweka geti la chuma katika kijiji ambacho hata ua wa miti hakuna. Baragumu la marehemu baba yake, lililoita watu miaka mingi, akalipaka rangi ya dhahabu na kulitundika sebuleni liwe pambo. Tulipoitana kulimiana mashamba, hakuja. Mama yangu alipozidiwa, tulimpitisha kwenye machela mbele ya baraza lake, naye ameketi anakunywa kahawa.

"Kaka, njoo utupokee kidogo," nikamwambia.

"Bega langu si la punda, Silvera. Mimi nikiugua, gari litanifuata hapa hapa."

Mama alipona, lakini neno lile lilinikaa kooni. Nilimchukia, sifichi. Mkewe, Odalin, ndiye tuliyempenda. Kila Mwaka Mpya alitugawia supu ya maboga ya sikukuu kwa mlango wa uani, mumewe asione.

Uchungu ulimshika Odalin asubuhi ya mvua, na damu ikatangulia kabla ya mtoto. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limekodiwa kweli, tena Merilis alikuwa amelitangaza kijiji kizima. Likakwama ng'ambo ya korongo, kwa sababu mafuriko yalikuwa yameila barabara. Yaliyofuata alitusimulia Merilis mwenyewe, matangani, mbele ya watu wote.

"Puliza baragumu, mume wangu," Odalin alimwambia.

"Niwapulizie hawa? Wanicheke mpaka Pasaka?"

"Waache wacheke. Watanibeba huku wanacheka."

Hakupuliza. Alimpandisha mkewe juu ya punda, akateremka kuelekea kwenye gari kwa njia ya nyuma, kwenye mibuni, ili tusiwaone. Njia ile ni mawe matupu, na kila jiwe lilimtikisa Odalin. Nusu ya mteremko akaacha kulia. Merilis akamshusha, akamlaza chini ya mibuni, akakimbia kurudi nyumbani kuling'oa baragumu ukutani.

Tulifika kabla hajapuliza mara ya pili. Mimi nilikuwa na tope mikononi, jirani yangu alikuja na povu la kunyolea shavuni. Tulimkuta uwanjani, midomo imegandwa na rangi ya dhahabu, anaelekeza kwa kidole tu. Tukakimbia na machela. Mwili wa Odalin ulikuwa umeshapoa, na mtoto tumboni mwake.

Tulipombeba kurudi, Merilis alishika mti wa mbele, kando yangu. Hakujua kwenda hatua moja na wenzake, wala kubadilisha bega, kwa hiyo alijikwaa kila mara.

"Taratibu, kaka. Fuata mguu wangu."

Alifuata. Tulipofika kwenye geti lake akaniuliza, bila kunitazama, "Silvera, asubuhi ningepuliza, mngekuja?"

Nilitamani kumdanganya.

"Tungekuja," nikasema. "Hata mimi."